Kupiga na Kupigwa Picha: Suala la Nafsi katika Picha za Mtaani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na neno taswira mapema sana katika masomo yake. Hufundishwa kwamba taswira ni picha inayojengwa akilini mwa msomaji kwa maneno, kisha huombwa aitafute katika shairi, tamthilia au riwaya. Ni nadra, hata hivyo, kuombwa aanzie upande wa pili: aichukue picha halisi iliyopigwa kwa kamera barabarani na aisome kama anavyosoma matini yoyote ile. Makala haya yanajaribu kufanya hivyo. Yanahusu picha za mtaani, yaani picha zinazonasa maisha ya kila siku ya watu mahali pa umma, kama vile sokoni, kituoni, kivukoni na kando ya barabara, pamoja na tafakuri fupi ambazo aghalabu huandamana na picha hizo.

Hoja yetu kuu ni kwamba picha ya mtaani, sawa na hadithi, ina nafsi. Kuna picha ambamo aliyemo ndiye anayejisimulia; kuna picha ambamo anasimuliwa na mtu mwingine; na kuna picha ambazo humgeukia mtazamaji na kumsemesha yeye. Anayeandika tafakuri juu ya picha bila kutambua ni nafsi ipi iliyomo, na ni nafsi ipi anayoitumia yeye mwenyewe, anaweza kumnyang'anya mtu kauli yake huku akidhani kuwa anamtetea.

Ushahidi wa lugha

Tuanze na lugha yenyewe. Kitenzi kupiga kina kazi nyingi katika Kiswahili: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga chapa, tunapiga mluzi, tunapiga hodi. Picha nayo hupigwa. Nomino picha imetoka katika Kiingereza, ilhali taswira na sura zina asili ya Kiarabu. Na sanamu, ambalo leo hutupeleka moja kwa moja kwenye kinyago au mnara, limewahi kutumika pia kwa maana ya picha. Hata hivyo, kinachotuhusu zaidi hapa ni tabia ya kitenzi.

Msikilize mtu aliyetoka studio akiwa na bahasha ndogo mkononi. Atasema, "Nimepiga picha ya pasipoti." Hakushika kamera wala hakubonyeza chochote, aliketi tu mbele ya kitambaa cheupe. Lakini kisarufi yeye ndiye kiima cha sentensi, na aliyeshika kamera hatajwi kabisa. Vivyo hivyo marafiki wakiambiana, "Twendeni tukapige picha," maana yao ni kwamba wanakwenda kupigwa, na huenda hakuna hata mmoja wao mwenye kamera. Katika matumizi haya, mwenye sura ndiye mtenda. Mwenye kamera ni fundi aliyekodiwa.

Sasa linganisha na sentensi hii: "Nimepigwa picha." Hapa msemaji amehamia katika kauli ya kutendwa. Si kwamba kauli hii hubeba lawama daima, kwani bibi harusi hupigwa picha akafurahi. Lakini ikitamkwa na mchuuzi kando ya barabara, aghalabu huwa na mnong'ono wa malalamiko, na huingia katika jamii moja na kupigwa kofi, kupigwa faini na kupigwa marufuku. Mchuuzi huyo anasema kwamba kuna jambo limetendeka juu yake bila yeye kuwa na usemi. Kisha kuna kauli ya tatu ambayo simu za mkononi zimeieneza mno, nayo ni kujipiga picha, ambamo kiambishi ji kinamfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, kabla hata ya nadharia yoyote, wazungumzaji wa Kiswahili wamekwisha kutofautisha picha ambayo ni yangu na picha ambayo ni ya mtu mwingine ingawa sura iliyomo ni yangu.

Picha ya nafsi ya kwanza

Mfano bora wa picha ya nafsi ya kwanza katika nchi yetu unapatikana Mombasa, katika kivuko cha Likoni. Katika miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa wameweka vibanda vyao karibu na feri, wakipamba kuta kwa michoro ya rangi: meli, ndege, majengo marefu, bustani na maua. Msafiri aliyekuwa akisubiri feri aliweza kusimama mbele ya meli iliyochorwa, akajiweka vizuri, akalipa na kuondoka na ushahidi wa safari. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, amewaandikia wapiga picha hao tafiti ambazo zimewafanya wajulikane mbali na Pwani. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta kazi au kutembea, na picha zao zilitumwa nyumbani kwa jamaa.

Mtazamaji wa haraka ataziita picha hizo uongo, kwa kuwa meli ni rangi tu juu ya ubao na ndege haitaruka kamwe. Mwanafasihi hana sababu ya kufikia hukumu hiyo, kwa sababu anaujua utanzu unaofanana nazo sana katika fasihi simulizi, yaani majigambo. Katika majigambo mtu husimama mbele ya hadhira na kujisifu kwa nafsi ya kwanza, akitaja matendo yake na kuyakuza. Hadhira haimdai stakabadhi. Inachopima ni ufundi wake wa kujieleza na ujasiri wake wa kudai nafasi katika jamii. Mteja wa Likoni naye alikuwa akijigamba kwa picha: mimi niko Mombasa, nimeiona bahari, mnione.

Hali ni kama hiyo kwa wapiga picha ambao kwa miongo mingi wamehudumu katika bustani ya Uhuru Park na kando ya jumba la KICC, lililokamilika mwaka wa 1973, jijini Nairobi. Mpiga picha huonyesha vielelezo vya kazi yake, bei hujadiliwa, na mteja huchagua mahali pa kusimama. Ataamua kama jumba lionekane lote, kama ashike ua au mkoba, kama acheke au akaze uso. Zamani ililazimu filamu ikasafishwe kwanza na mteja arudi baadaye. Siku hizi mashine ndogo humtolea picha akiwa papo hapo. Teknolojia imebadilika, lakini makubaliano kati ya wawili hao hayajabadilika.

Hatuna budi kuongeza kwamba picha ya nafsi ya kwanza haimlindi mwenyewe dhidi ya historia. Mnamo Agosti 1997 Likoni ilikumbwa na vurugu zilizowalenga watu wa bara. Wale waliojigamba kwa picha kwamba wamefika Mombasa waliambiwa, kwa moto na panga, kwamba hawakuwa wamefika. Picha zao zilizokwisha kutumwa nyumbani zilibaki zikisema jambo ambalo mahali penyewe pamelikana.

Picha ya nafsi ya tatu

Aina ya pili ni ile ambayo wengi huifikiria wanaposikia maneno picha za mtaani. Mpiga picha hutembea, hutazama, hubonyeza na kupita. Aliyepigwa huenda asijue. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliipa aina hii hadhi kubwa. Mwaka wa 1932 alimpiga picha mtu aliyekuwa akiruka dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, mguu ukiwa karibu kugusa maji; na mwaka wa 1952 alitoa kitabu, Images à la sauvette, ambacho jina lake la Kifaransa lina dokezo la kitu kinachofanywa harakaharaka na kwa kificho. Huko Chicago, Vivian Maier, aliyekuwa yaya, alipiga picha zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa za barabarani. Takriban zote hazikuonekana na umma hadi shehena ya filamu zake iliponunuliwa mnadani mwaka wa 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Pwani yetu pia inaifahamu nafsi ya tatu, tena katika sura isiyopendeza. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, postikadi zilizouzwa kwa wasafiri Zanzibar na Mombasa ziliwaonyesha wapagazi, wachuuzi na wanawake wa mjini. Chini ya picha kuliandikwa kabila, kazi au jinsia ya aliyemo, na mara nyingi jina lake halikuandikwa. Mtu alifanywa kuwa mfano wa aina fulani ya watu. Alisafiri hadi Ulaya kwa bei ya stempu, bila kujua kwamba amesafiri.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuikataa nafsi ya tatu moja kwa moja. Majigambo yana mipaka yake. Hakuna anayekwenda studio ili apigwe picha akiwa amechoka, akisubiri matatu chini ya mvua au akihesabu sarafu zisizotosha. Mambo haya ndiyo sehemu kubwa ya maisha, na yasiponaswa na mtu mwingine hayatanaswa kabisa. Aidha, Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka wa 1980, La chambre claire, alitofautisha mvuto wa jumla wa picha, ambao kila mtu aliyeelimika anaweza kuueleza, na kile tunachoweza kukiita mchomo: kitu kidogo katika picha, pengine kamba ya kiatu au mkono uliofungwa kitambaa, kinachomchoma mtazamaji mmoja bila mpiga picha kukikusudia. Picha ya nafsi ya kwanza hupangwa, na hivyo michomo yake hupungua. Barabara haijipangi.

Tatizo la msimulizi maizi

Tatizo huanza pale picha ya nafsi ya tatu inapoandikiwa maelezo. Tuchukue picha ya aina ambayo kila msomaji amewahi kuiona. Mtu anavuta mkokoteni akitoka soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, jijini Nairobi. Mkokoteni umejaa magunia ya viazi. Mtu ameinamisha kichwa. Uso hauonekani vizuri. Chini ya picha mwandishi anaandika: "Amekata tamaa. Anajiuliza watoto wake watakula nini leo."

Katika uhakiki wa riwaya, msimulizi wa namna hii huitwa msimulizi maizi, yule anayejua yote, hata yaliyo moyoni mwa wahusika. Hakuna anayemshtaki mwandishi wa riwaya kwa kutumia mbinu hiyo, kwa sababu mhusika ni kiumbe chake. Yeye ndiye aliyempa moyo, basi ana haki ya kueleza kilichomo. Mvuta mkokoteni wa Marikiti hakuumbwa na mwandishi. Ana mawazo yake, na angeweza kuulizwa. Kumwekea mawazo kichwani ni kumtungia riwaya mtu aliye hai, kisha kuiita ushahidi.

Isitoshe, tafsiri yenyewe inaweza kuwa na kasoro. Anayevuta mkokoteni huinama kwa sababu ya kazi. Uzito wa mwili wake ukielekezwa mbele ndio unaouondoa mzigo mahali ulipo na kuuendeleza; akisimama wima, mzigo humshinda. Macho huyaelekeza chini kwa kuwa shimo moja laweza kuyamwaga magunia yote barabarani. Mwinamo ambao mwandishi ameusoma kuwa huzuni ni ujuzi. Huenda mtu huyo ana huzuni pia, lakini mgongo wake haujatuambia hivyo.

Sasa tuyaandike maelezo upya: "Mkokoteni wa viazi ukitoka Marikiti asubuhi. Nilikuwa ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara. Sikusikia alichokuwa akiwaambia waliomzuilia njia." Maelezo haya yanakiri umbali wa mtazamaji, yanataja kitu kinachoonekana, na yanamwachia mvutaji sauti yake hata kama hatuisikii. Msomaji anajua kwamba alisema jambo na kwamba jambo hilo ni lake. Tumetumia nafsi ya kwanza, lakini ni nafsi ya kwanza ya mtazamaji.

Hapa ndipo tafakuri binafsi inapopata uhalali wake. Tafakuri njema juu ya picha ya mtaani humhusu zaidi anayetazama: alisimama wapi, alivutwa na nini, alikumbuka nini, hakujua nini. Teju Cole, mwandishi mwenye asili ya Nijeria, ameitumia njia hii katika Blind Spot (2017), ambamo kila picha imeambatana na kipande kifupi cha nathari kinachoeleza wazo lililomjia yeye mwenyewe. Barthes alikwenda mbali zaidi. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu picha ya mama yake akiwa mtoto, na picha hiyo hakuichapisha. Aliamini kwamba kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu. Aliitoa tafakuri akaihifadhi sura.

Picha ya nafsi ya pili

Imebaki nafsi moja, ambayo ndiyo adimu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitumbukia katika ghasia ambazo, kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, zilisababisha vifo vya watu 1,133. Mpiga picha za habari Boniface Mwangi alikuwa miongoni mwa waliozinasa ghasia hizo barabarani na mitaani. Mwaka wa 2009 alianzisha maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Maonyesho hayo yalizungushwa katika miji mbalimbali ya nchi, na picha zikawekwa mahali pa wazi ambapo wapita njia waliweza kusimama na kuzitazama.

Jina hilo linastahili kuchanganuliwa. Picha Mtaani haisemi picha za mtaani. Hakuna kihusishi cha umiliki. Kuna kiambishi ni cha mahali. Picha iko mtaani, imerudi ilikotoka. Kwa kawaida picha ya nafsi ya tatu huondoka: hupigwa Kibera au Eldoret, ikatazamwa London au katika jumba la sanaa ambamo aliyepigwa hataingia. Hapa mtazamaji alikuwa raia wa mji uleule ulioungua, na baadhi ya watazamaji walikuwa wameyashuhudia yaliyoonyeshwa. Picha iliyosema "yule" katika magazeti ya nchi za mbali ilisema "wewe" ilipowekwa kando ya barabara. Wewe ulikuwa wapi? Ulimfanyia nini jirani yako? Maelezo marefu hayakuhitajika, kwa sababu aliyesimama mbele ya picha ndiye aliyekuwa na maelezo.

Mfano huu unatufunza kwamba nafsi ya picha haiamuliwi na kamera peke yake. Picha ileile yaweza kubadili nafsi kulingana na mahali inapoonyeshwa na mtu anayeitazama. Hilo ni jambo ambalo wanafasihi simulizi wanalielewa vyema, kwani maana ya ngano haitenganishwi na hadhira yake.

Sheria na wajibu

Suala hili halikomei katika uhakiki. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinalinda faragha ya mtu, na kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 iliongeza nguvu upande wa faragha. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 4,550,000 shule moja iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani jijini Nairobi ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Hata hivyo, kifungu cha 52 cha sheria hiyo kinaipa nafuu kazi ya uanahabari, fasihi na sanaa inapochapishwa kwa manufaa ya umma.

Nafuu hiyo haiondoi wajibu. Inauhamisha kutoka mahakamani hadi katika dhamiri ya mwandishi. Wakati wa maandamano ya vijana ya Juni 2024, picha za barabarani zilikuwa kumbukumbu muhimu ya yaliyotendeka. Wakati uohuo, uso ulio wazi katika picha ungeweza kumtambulisha mtu kwa wale waliomtafuta kwa nia mbaya. Mpiga picha aliyechagua kuuonyesha umati kutoka nyuma alikuwa amefanya uamuzi wa nafsi: alikataa kugeuza "sisi" kuwa "yule".

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha za mtaani zinaweza kuhakikiwa kwa zana ambazo mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo: nafsi, msimulizi, majigambo, hadhira. Tumeonyesha pia kwamba msamiati wa kila siku, kupiga, kupigwa na kujipiga, umebeba fikra kamili juu ya nani mwenye kauli katika picha.

Kutokana na hayo, tungependekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa kozi za uandishi wa kubuni wawape wanafunzi zoezi la kuandika maelezo ya picha moja katika nafsi tofauti na kuyalinganisha. Ni zoezi rahisi, na hufichua upesi pale mwandishi anapodai kujua asichokijua. Pili, majarida ya wanafunzi yachapishe picha za mtaani pamoja na tafakuri za Kiswahili, mradi mwandishi aonyeshe alisimama wapi. Tatu, inapowezekana, picha irudishwe kwa aliyemo. Mvuta mkokoteni wa Marikiti akiipata picha yake anaweza kucheka, kukasirika au kuitundika ukutani. Lolote atakalosema ndilo maelezo ambayo sisi wengine hatuwezi kumwandikia.